Apio, Majibu Yangu Yametoka

Pacha wangu Apio,

Nimekaa nyuma ya nyumba, nguo ziko kambani, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa kupanda moyo wangu umetulia. Nimeona nikueleze wewe.

Bado nauza chai na chapati kwa madereva wa malori pale Malaba, kazi tuliyoianza pamoja. Asubuhi moja foleni iliziba njia, na bodaboda iliyombeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa ikakwama mbele ya meza yangu. Alitoka Mella, akienda hospitali. Wenzangu walirudi nyuma. Mimi sikuweza. Nilikuona wewe, uliyetufia njiani na uchungu kama ule kabla hatujakufikisha hospitali ya Tororo. Nikatandika leso kati ya malori mawili, nikapiga magoti.

Nilikuwa nimejikata kiganja kwa kisu, nikafunga kitambaa tu. Mtoto alikuja haraka, na damu ya mama yake ikalowesha kitambaa chote. Yule mama, Nabwire, alipouona mkono wangu aliushika.

"Mama, mimi iko na virusi," akasema polepole. "Nakunywa dawa kila siku, lakini wewe nenda hospitali leo. Usingoje kesho."

Angeweza kunyamaza, Apio. Nani angejua?

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nesi alinipa vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi, vya mwezi mzima, akanieleza kwamba ningechelewa kupita siku tatu visingenifaa. Akasema pia kwamba kwa kuwa Nabwire anafuata dawa zake vizuri, hatari ni ndogo. Ndogo! Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo. Nikiona kipele, moyo unaruka. Nikikohoa, nawatazama watoto.

Lililoniogopesha zaidi ni kumwambia Owori, mume wangu. Mwanamke anayeshinda kati ya madereva, aende kumwambia mumewe habari za virusi! Nilimfuata shambani kwenye mihogo, nikamweleza yote, na kwamba itabidi tutumie kinga mpaka nipimwe. Akaendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari. Kisha akasema, "Yule wa bodaboda alinisimulia. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Unakumbuka tulivyongoja majibu ya darasa la saba? Mimi nilitapika nyuma ya darasa, wewe ukala karanga zako na zangu. "Adongo, majibu yalishaandikwa," ulisema. "Kuogopa hakuyafuti." Safari hii nilijaribu kuwa wewe, nikashindwa: vidonge vilinivuruga tumbo, hata harufu ya mafuta ya chapati sikuiweza. Basi nikawa mimi tu: nameza dawa kwa uji, nakanda unga, nafika jioni. Kesho yake hivyo hivyo.

Dawa zilipokwisha nilipimwa, nikaambiwa nirudi tena baadaye. Jana ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Owori alinisindikiza, naye akapimwa. Nesi akaniambia, "Huna virusi." Nikamwomba arudie. Akarudia, akitabasamu, akasema Owori naye hana. Owori akavua kofia, akajifunika uso.

Hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Tulipitia Mella. Nabwire alituona tungali mbali, akasimama katikati ya uwanja na mtoto mgongoni, mkono mdomoni, asithubutu kuuliza. Nilipomwambia, alikaa chini palepale akalia kuliko nilivyolia mimi. Kumbe muda wote huo naye alikuwa akingoja majibu yangu.

Mtoto wake bado anapimwa. Kipimo cha kwanza hakikuonyesha virusi, lakini vingine vimebaki, na Nabwire hana ndugu hapa. Nimemwambia kuwa siku ya kipimo kijacho nitafunga meza yangu Malaba, twende pamoja, nikae naye kwenye benchi mpaka jina la mtoto liitwe.

Pumzika, wangu. Nakukumbuka bila kulia leo.

Pacha wako,
Adongo