Alama Kwenye Sauti Yake

Jumatatu, 3 Machi

Daktari hakuzungusha maneno. Uvimbe umeenea kooni, kisanduku cha sauti kitatolewa Jumatatu ijayo. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa basi limechelewa. Mwalimu huyu — akifundisha, anasikika hadi barabarani!

Nimemwambia turekodi sentensi zake kabla ya siku hiyo. Baadaye atabonyeza simu, iseme kwa sauti yake. Kukata na kuunga sauti za watu ndiyo kazi yangu redioni. Ya wangu itanishindaje?

Jumatano, 5 Machi

Blanketi dirishani, feni tumezima. Yeye anasoma, mimi naweka alama kwenye kompyuta: sentensi inapoanzia, inapoishia. "Nina njaa." "Funga mlango." "Asante." Sauti inakwaruza. Katikati akagoma — eti nimemwandikia kuomba maji tu, je, akitaka kugombana? Akarekodi: "Nimesema sitaki!" Tulicheka mpaka kikohozi kikamkunja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeharibu. Mungu wangu! Nilikata kikohozi cha mwanzoni mwa rekodi. Sauti ikasogea, alama zikabaki palepale. Sikukagua. Nikagawa vipande hivyohivyo, nikavitia kwenye simu. Binti yetu akabonyeza "Nina njaa". Simu ikasema: "—jaa. Funga mla—". Akadhani utani, akacheka peke yake. Baba yake aligeukia ukutani.

Turekodi upya? Kwa sauti ipi? Leo ananong'ona tu. Hewa tupu.

Jumapili, 9 Machi

Wifi alikuja kutuombea. Mashine za nini, akasema, mwache kaka yangu apumzike. Nguvu za kubishana sina.

Narudisha alama moja moja. Siku ile nilikodolea macho mawimbi ya sauti kwenye skrini, sikusikiliza. Leo nasikia. Baada ya "Funga mlango" kuna kimya, halafu yeye, polepole: "Mke wangu, hivi nitaamka kweli?"

Na mimi — ni mimi kabisa, sauti kavu — "Sogea kidogo kwenye maiki."

Basi. Hilo ndilo jibu alilopata. Naye akasogea, akasema "Asante", tukaendelea.

Nimeweka alama hapo. Ya kukata au ya kubakiza, sijui. Nimelia nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga, asisikie.

Begi lake liko tayari, asubuhi tunaondoka. Sasa ameingia. Amekaa ukingoni mwa kitanda, ananyooshea kidole hedfoni zangu. Anataka kusikia nimefika wapi. Nimezivua. Natikisa kichwa, bado, bado. Yeye mkono ameshaunyoosha —