Mzee Haamshwi

Machakos,
Mwezi wa saba.

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakuamkia kwa heshima, na naomba barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba na ile dawa ya presha unaimeza, si kuiweka kabatini ukawaonyesha wageni. Mimi mzima. Baridi ya huku mwezi huu imenipasua midomo, na bado sijazoea muthokoi, mahindi yao yaliyokobolewa, yanayochemka tangu asubuhi mpaka moto wenyewe uchoke. Nyama nanunua kwa Wasomali karibu na soko, na mke wa mwenye duka hunipa maziwa nikimpigia stori za Mombasa. Kwa hivyo usihofu, silali njaa.

Barua yako niliipata juzi. Umeniandikia kwa furaha kwamba mwanangu Abuu siku hizi akilala mchana anakoroma mpaka Bi Fatma jirani anacheka dirishani, kwamba amerithi usingizi wa marehemu babu yake, na kwamba maalim wa chuoni analalamika mtoto anasinzia juu ya msahafu. Ukaniambia nicheke. Mama, sikucheka. Nilikaa kitandani nikaisoma tena. Soma hii mpaka mwisho, na kama macho yanakusumbua mpe kaka Twaha akusomee, lakini asiruke kitu kwa kukuonea huruma.

Nilipokuja huku nilikwambia nimepata kazi ya unesi kwenye utafiti wa watoto, nawe ukawatangazia watu kuwa ni malaria. Si malaria. Tunatafuta watoto wanaokoroma. Najua utasema serikali imekosa kazi ya kuwapa watu. Lakini wapo watoto ambao mafindofindo yao na nyama za nyuma ya pua zimekua kupita kiasi, na wakilala koo linajifunga. Mtoto anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Watu wanaogopa ile kelele, kumbe kibaya ni kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini pumzi haipiti, mpaka mwili wenyewe umshtue, avute hewa kwa kishindo na kuanza upya. Akiamka yuko hoi. Anasinzia darasani, anakojoa kitandani na umri umeshapita, hakui, na mwalimu anamchapa kwa uvivu. Akiachwa hivyo muda mrefu, moyo unachoka.

Sasa nikwambie habari za Mutisya wa Mwala.

Mwala ni mashamba makavu, mbuzi na punda, na maji wanayachimba kwenye mchanga wa mto. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba tukiuliza swali moja: mtoto wako anakoroma? Kwenye boma moja tulikaribishwa na bibi wa nyumba, mama mtu mzima ambaye wote wanamwita Susu, yaani nyanya. Pembeni alisimama mkaza mwanawe, Mbithe, na kwenye gunia chini ya paa alilala mtoto wake Mutisya, wa darasa la kwanza, mwembamba, mdomo wazi. Alikuwa anakoroma hata ilibidi nipandishe sauti. Nikamuuliza Mbithe swali langu. Akatazama chini akasema, "Hapana, madam. Hakoromi. Analala tu vizuri." Mtoto anakoroma kama msumeno nyuma yake, sote watatu tunamsikia, na sote tunanyamaza kama watu wenye adabu.

Nilitaka nimsogeze kidogo nitazame koo lake. Susu akanizuia mkono. "Hapa mzee haamshwi," akasema, na alisema kwa fahari.

Ilibidi nirudi siku nyingine kuelewa. Nilimkuta Mbithe mtoni peke yake, ameinama ndani ya shimo la mchanga anachota maji kwa kata. Akanieleza kwamba Mutisya ni jina la marehemu baba mkwe wake. Kwa Wakamba mtoto huitwa jina la babu, na anayelibeba jina ni kama amebeba na heshima yake. Mbithe humwita mwanawe mzee. Susu humwita "mume wangu", na wanacheka, lakini ndani ya mchezo huo mna sheria. Kuna kitu wanakiita nthoni, haya ya mke mbele ya wakwe, na kwa haya hiyo mwanamke hawezi kutaja jinsi baba mkwe anavyolala. "Sasa mimi nitasema aje mzee anakoroma, na mama ya bwanangu amekaa hapo?" akaniuliza. "Nitakuwa mtu bila nthoni kabisa. Lakini wewe madam nakwambia, akilala hata mbuzi zinashtuka. Halafu ananyamaza, na Susu anasema, wachana na yeye, sasa amepata usingizi."

Nilimwandikisha mtoto pale pale, tope miguuni. Nilijiona mjanja, Mama. Nilirudi mjini nikiimba.

Daktari wetu mkuu ni Mkenya aliyesomea ng'ambo, mpole kupindukia, hajawahi kunipandishia sauti. Afadhali angekuwa mkali, ningemchukia kwa raha. Alimlaza Mutisya na mashine zake, akasikiliza, akasema hajapata mtoto mwenye ugonjwa ulio wazi kama huyu. Mbithe alifurahi kusikia mwanawe amesifiwa. Halafu likaletwa kopo la majani ya chai lenye karatasi zilizokunjwa, na kila mzazi akaingiza mkono mwenyewe, asije akalalamika ameonewa. Karatasi nyingine zinasema mtoto anakatwa mafindofindo sasa, bure. Nyingine zinasema anasubiri mwaka mzima, ili baadaye walinganishwe. Mbithe alitoa ya kusubiri. Hakuweza kuisoma vizuri, mimi ndiye niliyemsomea, naye akaniambia asante.

Nilimfuata daktari nikamwambia huyu hawezi kungoja. Akanikalisha, akaniagizia chai. "Sista," akasema, "tukiwakata wagonjwa sana na kuwaacha wenye nafuu, tutajuaje ni kisu kilichowaponya?" Na ana haki, Mama. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, nimelitafutia jibu sijalipata. Alikuwa na haki, na mtoto alikuwa hapumui.

Basi kazi yangu ikawa kwenda Mwala kumpima uzito mtoto asiyeongezeka. Nikienda nampelekea mkate. Mwalimu wake aliniambia, "Huyo ni mlevi wa usingizi, madam, tunamwamsha na kiboko," na watoto wengine wakacheka, naye Mutisya akacheka nao kwa mdomo ule ule ulio wazi. Kisha miguu ikaanza kumvimba. Nilipiga kelele ofisini mpaka wakachoka nami, barua zikaenda Nairobi zikarudi, na mwishowe wakakubali: atolewe kwenye utafiti, akatwe. Nikampeleka mwenyewe. Daktari wa nusu kaputi akamsikiliza moyo, akatoa mipira ya kipimo masikioni akasema, "Mimi huyu nikimlaza hataamka. Moyo umeharibika. Mpeni dawa, mumrudishe akiwa na nguvu."

Wakati ana nguvu ilikuwa zamu yake ya kusubiri. Sasa zamu yake imefika, hana nguvu.

Nilimrudisha kwao na dawa. Nikamkalisha Susu chini nikamwambia: alale ubavu, na mtu akae naye, na akinyamaza mumwamshe. Alinitazama kama nimemwomba amtukane mumewe. Lakini alikubali. Mama, ungemwona yule bibi! Aliyekuwa hataki hata kuku alie karibu na mzee wake, akawa anakaa kwenye kigoda, kiganja juu ya kifua cha mtoto, na kimya kikiingia anamtikisa, "Mutisya, amka, amka baba," naye mtoto anaamka analia kwa hasira. Walipokezana, yeye na Mbithe, usiku na mchana. Nilipowatembelea, wote wawili macho yamewaingia ndani. Nikawasifu, nikawaambia bado kidogo tu, moyo unapata nafuu.

Alasiri moja Mbithe alikwenda mtoni na punda. Jua lilikuwa kali na Susu alikuwa ameshinda akitwanga. Mbithe aliporudi na mitungi aliwakuta wawili wamelala, kiganja bado kiko juu ya kifua. Alimwamsha mama mkwe wake kwanza, kwa sababu ya heshima.

Nilikwenda kuwapa pole. Mbithe alinipa kiti. Susu ndiye aliyesema. "Wewe nesi ulinifundisha kuamsha yeye," akasema. "Mbona hukunifundisha kukaa bila kulala?" Nikatoka nikasimama nyuma ya zizi la mbuzi nikalia.

Daktari alihuzunika, simsingizii. Alituma unga na sukari matangani. Kisha jana akaniita kunieleza, kwa upole wake, kwamba mtoto alikuwa ametolewa kwenye utafiti kabla ya kufa, kwa hivyo hahesabiwi. Matokeo yakitoka yatasema katika wale waliosubiri hakufa hata mmoja. Nikamuuliza, basi nani amefariki kule Mwala? Akasema, "Najua, sista, najua," akanisogezea maji.

Na hapo, Mama, kwa ujinga wa mtu anayetafuta wa kumwonea huruma, nikamwambia kuhusu barua yako na kuhusu Abuu. Macho yakamng'aa. "Mlete," akasema. "Sasa tuna nafasi moja wazi." Alidhani ananitendea wema, na kopo lile la majani ya chai lilikuwa pale pale mezani kwake.

Sitamleta. Jina la mwanangu halitatiwa koponi. Kwa hivyo nakuomba, na hii si kuomba: kaka Twaha ampeleke hospitali kuu wiki hii hii, waambieni anakoroma halafu ananyamaza, semeni hivyo hivyo, msione haya, na kama marehemu baba amewahi kukoroma si aibu kwetu wala si fahari kwa mtoto. Wakisema akatwe, akatwe sasa angali na nguvu. Mimi nimeshaandika barua ya kuacha kazi, nakuja nikimaliza mwezi.

Nisalimie shangazi wa Kisauni na umwambie kanga zake nimezipata. Nisalimie wifi yangu na mtoto mchanga. Bi Fatma jirani mpe salamu, umwambie akicheka tena dirishani nitamjibu nikija. Maalim wa chuoni msalimie kwa heshima, asimchape.

Na Abuu, mwanangu, salamu zake usimpe akiwa amelala. Mwamshe kwanza.

Mwanao,
Mwanaidi