Mama, Sombe Imefika Mahakamani

Mpendwa Mama,

Najua ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Sasa tulia nikusimulie, maana tangu uondoke yametokea mengi, na hili moja usingelikubali hata ningekuapia: mwanao ni jaji. Sisemi yule "Mheshimiwa" uliyemwita kila tulipobishana zamu ya kuosha vyombo. Ni jaji kwelikweli, wa mahakama ya shirikisho, hapahapa Sydney, mwenye joho na karani, na mawakili wenye mvi wananiinamia kichwa nikiingia. Siku za mwanzo nilikuwa nageuka nyuma kuangalia wanamwinamia nani.

Umekosa sherehe, ila usihuzunike, hata waliokuwepo hawakuiona vizuri. Tulikuzika kabla Korona haijafunga dunia, na mimi nimeapishwa katikati yake. Ukumbi ambao ungejaa watu ulikuwa na wachache waliovaa barakoa, wamekaa mbalimbali kama waliogombana. Wengine walitazama kwenye skrini. Nilipotamka kiapo nilikuwaza wewe, na machozi yakanishuka, lakini barakoa ilinisitiri.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka mahakama ya mwanzo pale Korogwe, likizo za shule? Walikuita mzee wa baraza, kama wanavyoitwa raia wote wanaokaa na hakimu kumsaidia kuamua, wakati wewe ulikuwa mama kijana mwenye mkoba mwekundu na viatu vya kisigino. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikisinzia. Nilichopenda kilikuwa kile kilichotufuata nyumbani: ndizi, mahindi, na siku moja jogoo mnene kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Nilishaanza kumhesabia vipande. Ukaniambia nimrudishe, mimi mwenyewe, kwa miguu, kupita sokoni, na jogoo anapiga kelele mji mzima unageuka. "Mwambie nimeshukuru," ukasema, "ila kesi yake haijaisha. Ikiisha, na jogoo akiwa bado hai, tutaongea." Nilikununia wiki nzima, na wewe ukawa unaniimbia kama jogoo kila nikipita.

Halafu nilipokuja huku, nikasoma sheria, nikaajiriwa serikalini, ukanicheka kwenye simu: "Kwa hiyo umevuka bahari kwenda kukaa dirishani?" Ndiyo, Mama, dirishani. Miaka kadhaa nilihudumia foleni katika ofisi ya serikali pale Mount Druitt, ndipo nikapandishwa kitengo cha sheria kuwaandikia wakubwa ushauri ambao hawakuufuata. Sikuja kwenye ujaji kwa njia ya mawakili wakubwa wa mjini. Nimekuja kwa njia ya foleni, na foleni haijanitoka. Kesi yangu ya kwanza, wakili mashuhuri alisimama kwenye skrini, kanyooka, kakohoa, na mimi nikamuuliza kwa ukarimu wote, "Nikusaidie nini leo?" Karani wangu alitazama chini muda mrefu sana.

Dirishani hapo ndipo nilipompata Mama Furaha. Wewe ulimjua akiwa ameshanenepa na kucheka, ulipokuja kututembelea Toongabbie. Mimi nilimjua siku ya kwanza, Furaha mgongoni, ametoka Kongo kwa kupitia kambini, ameshika namba ya foleni kwa mikono miwili. Nilimsalimia kwa Kiswahili, akakaa chini akalia kabla hajasema shida yake. Tangu siku hiyo hajaniacha. Jumamosi akileta sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, najua wiki imeisha. Na wewe ulivyomkalia kooni jikoni kwangu! "Kisamvu bila nazi ni adhabu," ukamwambia. Naye: "Mama, weye unaweka nazi, ni dessert hiyo." Mkabishana mpaka sufuria ikaisha, na wewe ndiye uliyekomba chini. Pale uwanja wa ndege ulinishika mkono ukasema, "Huyu ndiye ndugu yako huku. Usije ukampoteza kwa mambo ya vyeo." Nilikucheka. Cheo gani? Nilikuwa na kiti cha kuzunguka na kompyuta ya ofisi.

Sasa sikia. Mwaka jana mji ulifungwa tena, na sisi wa magharibi ya mji tulibanwa kuliko wenzetu wa ufukweni. Hakuna kutembeleana, hakuna kwenda mbali na nyumbani. Nilikuwa nasikiliza kesi kutoka chumba ulicholala wewe, juu joho, chini kanga. Mama Furaha amehamia Seven Hills, jirani tu, kwa hiyo Jumamosi ilipofika aliacha sufuria mlangoni, akarudi nyuma mpaka kwenye geti, akanipungia mkono na kuondoka. Tulikula na Zawadi, mjukuu wako, hadi tukalegea.

Jumatatu asubuhi nikafungua jalada la kesi ya siku hiyo. Kijana amenyimwa viza, anapinga uamuzi. Nikasoma jina. Bahati, mtoto wa dada yake Mama Furaha, anayeishi kwake. Nilijua kijana ana shida ya viza, sikujua kama imefika mahakamani, achilia mbali kwangu.

Kuamua kesi yake sikuweza, hilo halikunisumbua hata dakika moja. Kilichonisumbua ni kwamba lazima niseme sababu mbele ya pande zote, na sikuruhusiwa kumpigia simu Mama Furaha kumwandaa. Hata ujumbe mfupi. Kwetu ukirudisha chakula cha mtu umemrudisha mwenyewe. Hilo ulinifundisha siku uliponiamrisha nimsalimie yule mzee na mke wake na watoto wote kabla sijamkabidhi jogoo. Na mimi nilikuwa naenda kukirudisha chake hadharani, kwa Kiingereza, mbele ya serikali. Niliyaona yale maneno yako ya uwanja wa ndege yanatimia.

Skrini ikawaka. Wakili wa serikali kona moja, Bahati kona nyingine amevaa shati la kuazima, na pembeni yake, amejifunga kilemba cha kanisani, Mama Furaha. Aliponiona alitabasamu. Alidhani Mungu amefanya kazi yake.

Nikasema nililopaswa kusema. Kwamba bibi aliyekaa na mwombaji ni rafiki yangu wa karibu wa miaka mingi, kwamba Jumamosi iliyopita alileta chakula nyumbani kwangu na nilikila, na kwamba kwa sababu hiyo kesi hii itakwenda kwa jaji mwingine. Mkalimani akayageuza kwa Kiswahili cha redioni, nami nikasikiliza maneno yangu mwenyewe yakiondoka kwangu yamevaa suti. Wakili wa serikali akaomba ufafanuzi, kwa heshima zote: ni chakula gani? Nikamwambia ni sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa mawese na samaki. Akaandika. Nikaongeza kwamba sufuria iliisha, kwa kuwa mahakama huambiwa ukweli wote. Mama Furaha alikuwa ameacha kutabasamu. Kisha picha yake ikazimika.

Zawadi alikuwa mlangoni amesikia yote. "Mum, you dobbed in your own dinner," akasema, yaani nimekichongea chakula changu mwenyewe. Nikacheka naye, kisha nikaingia bafuni nikafungulia maji.

Jumamosi iliyofuata hakuna sufuria. Na iliyofuata. Sikuweza kumtafuta, kesi ilikuwa bado inaendelea kwa mwenzangu, na kila nilipomwona mama wa Kiafrika akipita barabarani nilitazama mara mbili. Nilikasirika pia, Mama. Nilikukasirikia wewe na jogoo wako. Niliona heri ningebaki dirishani, angalau pale mtu akinipenda haikuwa kosa la kisheria.

Mji ukafunguliwa. Nikasikia kwamba mwenzangu ameamua shauri la Bahati lirudi lilikotoka likatazamwe upya, tangu mwanzo, na kwamba kwetu mahakamani kesi imekwisha. Nikajipanga kwenda Seven Hills Jumapili. Nilifanya mazoezi ya kuomba msamaha mbele ya kioo, jaji mzima. Sikuwahi kwenda, kwa sababu Jumamosi, siku moja kabla, kengele ya mlango ililia.

Alikuwa amesimama na sufuria, barakoa imeshuka kidevuni. Nikaanza hotuba yangu. Akanikatiza.

"Bon, dada, ngoja nimalize miye kwanza. Niliogopa kuja. Nilisema, kama nikikuja mbele kesi haijaisha, nitaharibu kazi yako."

"Nilidhani umenikasirikia."

"Kukasirika ya nini? Tangu tutoke kwetu, kila fasi, kila ofisi ya serikali wananiuliza ni nani alikufa. Bwana alikufa? Mama alikufa? Alikufaka wapi? Miye najibu, wanaandika. Siku ile ku tribunal, weye juge, na ile joho, ukasema mbele yao wote huyu mama ni rafiki yangu. Hakuna mutu wa serikali alisemaka niko na rafiki." Akahamisha sufuria mkono wa pili. "Waliandika?"

Nikamwambia ndiyo, kila neno linalosemwa mahakamani huandikwa na kutunzwa.

"Basi iko ku dossier," akasema. "Hakuna mutu anaweza kuitosha, kuifuta tena."

Nilimpokea sufuria, Mama, nikalia mbele yake bila barakoa ya kunisitiri, naye akanipita akaingia ndani kutafuta sahani.

Nakuachia hapa, wananiita mezani na Zawadi ameshaanza bila sala. Kaa salama huko uliko, nami nitaendelea kukaa vizuri huku.

Binti yako, na rafiki yake Mama Furaha kwa mujibu wa kumbukumbu za mahakama.