Oili Iliyokuwa Ikiongezeka

Kizwite, Sumbawanga

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama shikamoo yake, maana najua barua hii utaisomea barazani na yeye atasikilizia mlangoni huku akijifanya anachambua mchele. Mgongo unaendeleaje? Niambie kweli, usinipe ile "hivyo hivyo" ya kwenye simu. Magoti ya mama je? Mimi mwili mzima, nakula na kulala. Baridi ya mwezi wa saba imeingia, tunafungua boneti asubuhi tumevaa masweta mawili mawili na vidole havishiki spana. Hizo ndizo habari za mwili.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa nasema salama kabla hujaniuliza, halafu nikianza kueleza unanikatiza. Leo itabidi unisikilize mpaka mwisho. Nimekosa, baba, na kosa langu limemwangukia mtu mwingine.

Nilikusimulia habari za Mwalimu Deo, yule mwalimu mstaafu wa Chala, mteja wangu wa kwanza tangu nije huku. Ana kigari kidogo cha silinda tatu, injini haifiki hata cc elfu moja, inanusa petroli tu, hainywi. Mwenyewe anakitunza kuliko wengi wanavyojitunza. Oili hachelewi kubadilisha, eakilina, kile kichujio cha hewa, anaipuliza vumbi, na kila Jumamosi anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakipima tena. Ningepata wateja kumi wa namna ile ningekuwa tajiri wa raha.

Siku ya kwanza nilipolifanyia gari lile sevisi nilitoa themostati, kama ulivyonifundisha. Ulikuwa unasema kidude kile kinaziba njia ya maji, maji hayafiki kwenye rejeta, gari linachemsha, kwa hiyo kitoe utupe na mteja hatarudi analalamika. Kweli, huko Korogwe hakurudi mtu. Nami nimevitoa tangu najifunza kazi kwako, navitupa kwenye debe la vyuma chakavu bila hata kuvitazama.

Gari lile halina geji ya joto. Lina taa mbili: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemsha. Huko kwetu ya bluu inazimika kabla hujatoka uani, uwe na themostati usiwe nayo. Huku Ufipa Mwalimu anaondoka nyumbani kwake hadi parokiani, parokiani hadi dukani, dukani hadi nyumbani, safari fupi fupi kwenye baridi hii. Akaniuliza mbona ile ya bluu inamsindikiza mpaka kanisani. Nikamwambia, Mwalimu, wewe ogopa nyekundu. Tukacheka.

Baada ya muda akaja na habari nyingine. Oili ilikuwa haipungui, tena ilikuwa imepanda juu ya alama ya mwisho ya kijiti. Alifurahi mno. "Fundi," akaniambia, "injini yangu inazaa oili." Ulishawahi kuona injini inayozaa oili, baba? Mimi sikuwahi, ila sikutaka mzee aone kuna jambo nisilolijua. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya injini nzima. Akalipeleka jibu langu Chala nzima kama sifa.

Siku alipokuwa anampeleka mkewe kliniki ya presha huku mjini, injini ikaanza kugonga kabla hawajaiacha Chala. Akaendelea kidogo kwa sababu ya mgonjwa, na hapo ikagonga kweli kweli na kuzima. Wakampandisha mkewe basi, gari likasukumwa mpaka uani kwa Mwalimu, nami nikaitwa. Nilifika na vyombo vyangu nikakuta watu wamejaa. Nilipofungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikatoka nyepesi kama chai ya rangi, na harufu ya petroli ikatanda ua mzima.

Shemeji yake Mwalimu akasema papo hapo kwamba ni petroli ya Mama Oliva, imechakachuliwa. Mama Oliva ndiye aliyekuwa akiuza petroli ya chupa pale karibu na stendi, na ndiko Mwalimu alikokuwa akinunua. Mwanamke wa makamo, mpole, kila dumu alilichuja kwa kitambaa cheupe mbele ya macho yako. Naye alikuwepo, amekuja kumpa pole Mwalimu. Shemeji akanigeukia: "Fundi, ni mafuta ya taa yamechanganywa humu, au sivyo?"

Nilikuwa nimeshachovya kidole na kunusa. Ilikuwa petroli tupu, hakuna hata chembe ya mafuta ya taa. Sababu yenyewe nilikuwa siijui bado, nakuapia, lakini kwamba petroli ya mama yule haikuchanganywa na kitu, hilo nililijua. Nilijua pia kwamba nikisema hapana, swali la pili litakuwa ni nani aliyekuwa akiitunza injini hii. Nikajibu, "Inawezekana." Sikuongeza neno lingine, nikainama kukusanya spana zangu.

Siku ileile bodaboda wakaacha kununua kwake. Mtendaji wa kijiji akamkataza kuuza. Halafu mtu akamwaga madumu yake, na mpaka leo hajulikani. Nilizisikia habari hizo nikiwa hapa Kizwite, nikajipa moyo kwamba maneno ya watu hupoa.

Mwalimu akanunua injini ya mtumba, akaniletea mimi niifunge, maana imani yake kwangu haikutikisika hata kidogo. Injini ilikuja na themostati yake. Nilishaitoa ipo kiganjani, naelekea kwenye debe, nikaikumbuka ile taa ya bluu iliyokuwa ikimsindikiza Mwalimu mpaka kanisani. Jikoni kwa mama ntilie wa jirani kulikuwa na sufuria ya maji motoni, nikamwomba niitumbukize. Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka yenyewe, polepole. Nilipoiopoa ikajifunga. Niliirudisha majini mara nne, mama ntilie akadhani nimechanganyikiwa.

Baba, haizibi maji kwa ubaya. Inayazuia mpaka injini ipate joto, ndipo inayaachia. Ukiitoa kwenye baridi ya huku injini haipati joto, na injini ya baridi inaongezewa petroli muda wote. Isiyoungua inateremka taratibu kwenye oili, kijiti kinasoma juu, mwenye gari anafurahi, kumbe oili imekuwa nyepesi kama maji na beringi zinakwisha. Nikakimbilia gari la mteja mwingine niliyemfanyia hivyo hivyo, yeye hununua petroli kwenye kituo kikubwa cha mjini tu. Nikachomoa kijiti. Harufu ni ile ile.

Niliifunga injini ya Mwalimu na themostati yake, nikaenda nayo mwenyewe Chala. Nilimweleza yote, nikamwonyesha taa ya bluu inavyozimika siku hizi. Alinisikiliza kwa upole wake wa darasani. Kisha akasema mafundi wote wa Sumbawanga wanakitoa kidude hicho, wote hawawezi kuwa wajinga, na kwamba mimi nina huruma lakini nisijitwishe dhambi ya mtu mwingine. Shemeji yake akauliza nimeanza lini kuwa karibu na Mama Oliva. Wakacheka. Nilikwenda kwa mtendaji, naye akasema jambo limekwisha, gari linatembea, nisiamshe maneno.

Nikamtafuta Mama Oliva mwenyewe. Anafanya kibarua siku hizi, anavuna ulezi kwenye mashamba ya watu. Nilimkuta ameinama na kisu, anakata masuke na kuyatia kwenye kikapu. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba siku ile nilijua petroli yake ni safi. Hakuacha kukata.

"Wale wengine sikuwaangalia, fundi," akasema. "Nilikuwa nakuangalia wewe."

Nilitamani anitukane. Alisogea kwenye mstari unaofuata, nami nikabaki nimesimama na kofia mkononi mpaka wenzake wakaanza kunitazama.

Tangu hapo sina raha na kazi. Nafungua injini nikiogopa. Kila ninayemwambia habari ya themostati ananiona mtu wa vituko, na wenzangu gerejini wanaendelea kuzitupa debeni. Nalala nikijiuliza ni Chala ngapi nimeziacha nyuma yangu bila kujua. Kurudi nyumbani nimefikiria, ila nikirudi nitakuwa nimemkimbia Mama Oliva, na nikikaa simsaidii kitu. Nimechoka, baba, na sijui nifanye nini.

Sikuandikii kukulaumu. Habari ya themostati ni ya kutojua, na joto la Korogwe lilitusitiri sote wawili. Neno nililolisema uani ni langu.

Nisalimie dada Zubeda na shemeji, waambie nimesikia habari za mtoto na nimefurahi. Nisalimie mjomba Rajabu wa mashine ya kusaga, na bibi, umpigie kelele kidogo asikie kwamba mjukuu wake anamsalimia. Mama umbusu mkono kwa niaba yangu, na akiuliza kwa nini umenyamaza katikati ya kusoma, umwambie ukweli.

Ukipata nafasi, nijibu. Nikaripie, nishauri, nifukuze hata kwenye ufundi ukiona inafaa. Ila nakuomba usiniandikie kwamba na wewe, ungekuwa uani pale, ungejibu vilevile.

Mwanao,
Athumani