Mbao ya Kuzuia Tairi

Kaka mpendwa,

Huku tupo. Kikohozi kimemwachia Mama, na paa linavuja palepale ulipoliacha.

Jumatatu nilifundisha momenta. Chukua kilo, zidisha kwa mwendo, basi. Kitu kizito hata kikijikokota hakizuiliki kwa mkono. Wanafunzi wakabisha. Nikawateremshia kigari cha kuchezea kwenye plaiwudi, nimeiinua upande mmoja kwa ile mbao ambayo Baba huweka chini ya tairi gereji. Niliichukua asubuhi bila kumwambia.

Saa nne lori alilokuwa akilitengeneza likaanza kujiendea lenyewe. Polepole, fundi mwenzake anasema, kama mtu anayetembea. Baba akapapasa mbao, hakuiona, akalitegea bega.

Nimepiga hesabu, Kaka. Lori kilo elfu saba, mita moja kwa sekunde. Baba kilo sabini. Ili alisimamishe, angelikabili kwa mbio za mita mia kwa sekunde. Nimerudia mara tatu. Jibu ni lilelile.

Yuko hai. Mguu wameukata. Kila nikimpelekea chai ananiuliza, "Mwalimu wangu, nani kachukua mbao yangu?"

"Kunywa, Baba, itapoa."

Mbao bado imo mkobani mwangu. Njoo umwambie wewe.

Mdogo wako,
Mwalimu