Sahani ya Bi Biubwa

Sihaba, uko wapi? Shoga, leo nimeumbuka huku Mlingotini.

Si ule utafiti wetu wa afya? Nimemhoji Bi Biubwa, bibi aliyeugua ukoma akapona tangu mwaka sabini na nne. Nikamuuliza, "Je, watu wanakutenga?" Akasema hapana, arusi zote anaalikwa. Nikajaza hapana.

Mchana mkwewe akaleta chakula. Sisi sote sinia moja la wali. Bi Biubwa sahani yake ya bati, peke yake kule pembeni. Miaka yote hiyo shoga! Na hakuna hata aliyeshtuka. Mimi na maswali yangu, sahani sikuiulizia!

Nikajifanya mwema, nikahamia kwake. Akafurahi! Akamega samaki kwa vile vidole vyake vilivyopinda, akanisogezea. "Kula, mwanangu."

Nikasema nimeshiba.

NIMESHIBA, Sihaba! Na punje za wali bado zimeniganda vidoleni! Mimi niliyewafundisha wenzangu kwamba aliyepona haambukizi!

Wala hakukasirika. Akamrudisha samaki sahanini, akanawa, akaniambia taratibu: "Lile swali lako la kutengwa, hebu niulize tena."