Harufu ya Ijumaa

Jumapili, 2 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe sana. Hujambo? Magoti yanasemaje? Na lile sikio la kushoto? Sisi huku ni wazima, mimi hasa ni mzima kupita kiasi. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako huiweka sauti kubwa, nikiuliza swali jirani yako anajibu kabla yako.

Mama, ndoa ni tamu! Kwa nini hukuniambia? Kila jioni nikisikia hatua zake koridoni moyo unaruka kama mtoto aliyeletewa zawadi. Chumba chetu ni kimoja tu, lakini ameshatengeneza kochi la watu wawili kwa mabaki ya vitambaa vya wateja: mkono mmoja wa bluu, wa pili wa maua, mgongo wa kahawia. Anasema, "Mke wangu, hivi ndivyo watu waliooana wanavyofanana." Nilicheka mpaka machozi. Mikono yake inanuka gundi na sponji, na mimi naipenda harufu hiyo kuliko manukato yote ya dukani ambayo hata hivyo hatujipaki.

Kuna kitu kimoja tu, nakwambia ili tucheke wote. Siku ya Ijumaa anafunga karakana mapema lakini nyumbani anafika amechelewa. Na akifika, shati lake linanukia. Si gundi. Ni moshi mtamu hivi, kama utomvu wa mti uliochomwa. Nikamuuliza, "Umepita wapi, mpenzi?" Akasema, "Njiani." Njiani, mama! Halafu ana tabia ya kuhesabu vidole. Akitulia, kidole gumba kinapita kwenye vingine kimoja kimoja, mpaka mikono yote miwili inakwisha, anaanza upya, midomo ikicheza bila sauti. Nikimuuliza anahesabu nini, ananibusu kwenye paji la uso, na mimi swali linanitoka.

Kanisani tunakwenda wote. Anapiga makofi vizuri tu, ingawa huwa anachelewa kidogo kuliko wimbo.

Nakupenda mno.

Mwanao kitinda mimba, mke wa fundi makochi (nimeandika ili nione linavyopendeza)


Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Bwana asifiwe. Magoti yapo, yanalia kama bawaba za mlango. Sikio usiliulizie, linasikia linachotaka. Nashukuru kwa afya zenu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikutabasamu. Mwanamume anayetoka njiani ananuka vumbi. Moshi mtamu unatoka mahali pawili: chumbani kwa mwanamke anayejifukiza udi, au kwa mganga. Sisi tuliookoka hatufukizi kitu. Moshi wetu ni wa mkaa basi.

Huyo fundi wako, tangu siku ile alipokuja kanisani kuvisha upya viti vya madhabahuni, nilimwangalia. Nikajiuliza, mtu mpole hivi anaficha nini? Wewe ukanijibu, "Mama, ndivyo alivyo." Haya. Akaokoka haraka, akabatizwa haraka, akaleta posa haraka. Mtu ambaye kazi yake ni kubadilisha vitambaa juu ya mbao zilezile, mimi siwezi kumwamini kwa kumtazama kwa nje.

Sasa fanya hivi. Kagua kola. Kagua mifuko. Tazama anachokula na asichokula, kwa maana waganga huwapa watu miiko. Na akikuletea busu kabla ya jibu, mwambie jibu kwanza.

Nimeliweka jambo hili kwenye kundi letu la akina mama waombaji. Usiogope, sikutaja jina. Nilisema tu, "binti mmoja aliyeolewa na fundi makochi."

Mama yako


Jumapili, 16 Machi

Mama,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini wewe u mzima, kwa sababu mimi usingizi umenipaa.

Nimekagua. Kola ni safi. Mifukoni nimekuta misumari, chaki ya fundi na peremende aliyokuwa ananiletea, nikaona aibu. Lakini sikiliza. Juzi Ijumaa nilipika nyama, ile yenye mafuta anayoipenda. Akaitazama kama mtu anayeagana na ndugu stendi.

"Leo sitakula nyama," akasema.

"Tumbo?"

"Hapana. Leo Ijumaa tu."

"Ijumaa imekukosea nini?"

Akacheka, akala wali na mboga. Kesho yake asubuhi, mama, aliimaliza nyama yote na mifupa akaifyonza! Sasa mtu gani tumbo lake linajua siku? Huo si mwiko? Wewe uliniambia miiko.

Na bado. Jumatano nilimpelekea chakula cha mchana karakana. Alikuwa amenipa mgongo, anashona kifuniko cha mto, cherehani inanguruma. Ilipokatika sauti nikamsikia akimalizia maneno, taratibu, kama mtu aliyeyazoea: "...sasa, na saa ya kufa kwetu." Kufa kwetu, mama! Hakusema kufa kwake. Kwetu!

"Unaongea na nani?" nikauliza.

Aliruka, sindano ikakatika. "Na mashine," akasema.

"Mashine inakufa lini?"

Alinipokea bakuli, akanifuta jasho kwa shati lake. Nimeficha wembe wake juu ya kabati. Na bado nampenda, hiyo ndiyo shida; akiingia tu mlangoni nasahau kuogopa, akitoka nakumbuka. Niombee, na uniambie la kufanya.

Mwanao


Ijumaa, 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya akina mama. Nilipofika "saa ya kufa kwetu" wote waliinuka wakaanza kukemea, hata benchi likaanguka. Mmoja tu ndiye hakukemea, yule mshonaji wa sare za kwaya. Alikuwa anacheka ameshika tumbo. Kabla hajaokoka yeye alikuwa Mkatoliki. "Dada," akaniambia, "huyo haui mtu. Huyo anasali rozari kwa vidole. Hayo ni maneno ya mwisho ya Salamu Maria." Nikamuuliza moshi. "Ubani wa kanisani." Nikamuuliza nyama. "Ni Kwaresima, Ijumaa hawaigusi."

Kwa hiyo hakuna mganga. Hakuna mwanamke, labda huyo Maria.

Nilipumua. Kisha pumzi ikanirudia ikiwa nzito. Mwanangu, afadhali angekuwa mwanamke, mwanamke huachwa. Huyu alisimama kwenye maji mbele yetu sote, mchungaji akamshika kichwa, akazamishwa, tukaimba. Kumbe alitoka na maji tu. Wewe nilikulea usiweke hereni, usionje pombe, uombe kwa kinywa chako mwenyewe. Wanao watanyunyiziwa maji kabla hawajajua hata kukaa, watasali sala za kukariri, na siku ya sherehe watawekewa bia mezani na hakuna atakayeona vibaya.

Mchungaji amesikia. Anasema ndoa iliyofungwa kwa udanganyifu kanisa halitaitetea. Jumamosi tarehe 29 tunakuja kukuchukua, mimi nikiwa mbele. Funga nguo zako. Usimwambie.

Mama yako


Jumanne, 25 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Hujambo huko? Magoti je, yatahimili safari?

Nimemwambia. Nisamehe, sikuweza kulala kwenye mto alioushona yeye nikiwa na barua yako chini yake.

Nilimkuta anang'oa misumari kwenye kiti cha mteja. Nikasema, "Salamu Maria." Nyundo ilisimama hewani.

"Nani kakwambia?"

"Mashine," nikasema.

Akakaa kwenye kile kiti kisicho na sponji. Nikalia, nikamfokea, mteja mmoja akageuza akaondoka. Nilimwambia, "Ulinitazama usoni kila Jumapili! Ulizamishwa mbele ya mama yangu!"

Akasema, "Pale kwenye maji niliulizwa kama namwamini Yesu. Nikasema ndiyo. Niliulizwa kama namkataa Shetani. Nikasema ndiyo. Hakuna nililojibu la uongo."

"Na uliponiacha nidhani unaloga?"

Hapo akaiweka nyundo chini, akasema, "Huo ndio uongo. Niliogopa. Mama yako aliniambia mlangoni pa kanisa, asiye wa kwetu asipoteze muda wake. Na mimi nilikuwa nimeshakuona." Mama, ni kweli ulimwambia hivyo? Mimi hukuniambia.

Nilimkasirikia siku nzima. Jioni nikamuuliza mambo ya sanamu, kama ulivyonifundisha. Akaonyesha picha yako ukutani, "Hii unaiabudu?" Nikasema, "Hapana, naiogopa." Tukacheka wote wawili kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Jumapili asubuhi nilikwenda naye kanisani kwao, nikajionee kwa macho yangu. Wanakaa, wanasimama, wanapiga magoti, na mimi nilikuwa nyuma kila mara, nikaelewa kwa nini kwetu anachelewa makofi. Kimya chao kilinitisha. Sikupenda kule kunong'ona kwa pamoja, nilitamani mtu apaze sauti. Sitakuwa Mkatoliki, mama. Nimemwambia, naye amesema hajaniomba. Tumekubaliana kila mmoja ataingia kwa mlango wake, na hakuna kunong'ona tena, kama anasali asali nisikie.

Nguo zangu hazijafungwa. Mkija, mlango utakuwa wazi. Lakini yeye atakuwa amekaa kando yangu. Nakusihi uje peke yako. Ukija mbele ya kundi, mimi nitalazimika kukukatalia mbele ya watu, na sijawahi kukukatalia hata nyumbani.

Mwanao


Jumatatu, 31 Machi

Mama,

Shikamoo. Bwana asifiwe. U hali gani? Nauliza kwa nia, kwa sababu wamekuja wakasema unaumwa.

Walikuja akina mama sita, mshonaji yumo. Waliimba kuanzia getini. Nilikuwa nakutafuta kati ya vilemba vyao, nikahesabu na kurudia. Wakasema, "Mama yako ameamka na homa, hawezi hata kukaa." Nikataka kukimbia nije kwako palepale, lakini walikuwa wameshaingia wamejaza chumba, wengine kitandani.

Mume wangu alisimama. Alisema, "Mimi ni Mkatoliki. Nilipaswa kusema kabla ya harusi, nikaficha, nimekosa. Mchungaji nitamfuata mwenyewe nimwambie. Lakini anayetaka mke wangu aondoke, amuulize mwenyewe nikiwa hapa."

Mwenyekiti wao akanigeukia. "Binti, unatoka au unabaki?"

"Nabaki."

"Basi kwaya uisahau. Na meza ya Bwana usiiguse mpaka utubu."

Unajua navyoipenda kwaya, mama. Nililia mbele yao bila aibu. Mshonaji peke yake ndiye aliyenishika bega wakitoka. Aliniambia sikioni, "Sare yako siipunguzi kumpa mwingine."

Sasa nina neno, usikasirike. Nilikupigia simu ukawa hupatikani, nikampigia jirani nimuulizie homa. Akashangaa. Akasema Jumamosi mchana ulikuwa uani unafua mashuka, unaimba. Mama, mtu asiyeweza kukaa anafuaje mashuka?

Hapa nageuza geuza jambo hili. Huenda umenikatia tamaa, hukutaka hata kuuona uso wangu, ukawatuma wao wamalize. Huenda ni kitu kingine. Nimekuwa kama wewe, kila kitu nakinusa mara mbili. Kama umenitupa, niandikie hivyo hivyo kwa mkono wako, nijue. Niambie tu, ulikuwa unaumwa kweli?

Mwanao


Jumamosi, 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Bwana asifiwe. Magoti ni yaleyale, mashuka yamekauka. Jirani nimeshamwambia maneno yake.

Sikuumwa.

Siku ile nilivaa, nikafunga kilemba, nikafika mpaka mlangoni na mkoba begani. Nikajiona nimesimama mlangoni kwako nakwambia toka, na wewe unasema hapana. Nikarudi kitandani na viatu vyangu. Mshonaji alipokuja kunigusa paji la uso, nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kuweka hapo kitambaa cha maji ya moto. Akanigusa, akanitazama, akawaambia wenzake, "Anaungua." Nadhani alijua. Wenzake hawajui, na usimwambie mtu.

Ubani siutaki na hutanisikia nikiusifu. Nitawaombea kila siku, yeye aje huku na wewe usiende kule. Mkipata mtoto tutagombana, jiandae mapema. Na ni kweli nilimwambia yale maneno mlangoni, ningemwambia hata leo. Baada ya Pasaka nitakuja, peke yangu. Ikiwa Ijumaa, msinipikie nyama kwa ajili ya kunionyesha nani ameshinda.

Mwambie huyo fundi wako kwamba sasa tumekuwa wawili tuliowadanganya watu wa Mungu ili tusikukose. Mimi uongo wangu nimeshautubu. Wa kwake bado namwangalia.

Mama yako